Usukani wa gari la kanisa: tulichofanya hapa Koni



Wengi wenu mlituuliza kwa nini gari letu halikufika Likasi kwa mkutano wa akina mama, na kwa nini halikutoka hata siku ile ya msiba. Jibu lake ni fupi: usukani ulikuwa umekwisha. Lakini tunajua makutaniko mengine pia yana pikapu ya umri kama wa hii yetu, inayopita katika barabara kama hizi zetu, na kwa sababu hiyo tunaeleza kwa urefu.

Wasiofika kwetu wajue kwamba Koni iko kwenye mto Lufira, chini ya Mwadingusha. Watu wanaijua kwa sababu ya kituo cha umeme kilichojengwa wakati wa ukoloni kulisha viwanda vya shaba, siku zile Likasi ingali ikiitwa Jadotville. Nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini barabara inayotufikia ni ya udongo. Wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu, na wakati wa mvua ni matope na makorongo. Gari letu ni Toyota Land Cruiser HZJ75, yenye ekseli nzima mbele na springi za majani. Ni gari gumu sana, na ugumu wake ndio ulitudanganya. Injini iliwaka kila asubuhi, tukadhani gari lote ni zima.

Shofere wetu alikuwa ametuambia kwa muda wa miezi mitatu kwamba volani inacheza. Tulimjibu, "Endesha polepole, baba." Siku moja alikuwa anarudi na watu kumi na mmoja nyuma pamoja na magunia ya mahindi. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni gurudumu la mbele liligonga korongo, volani ikaanza kutetemeka mikononi mwake kama kitu chenye homa, na gari likaingia kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Jioni ile alikuja nyumbani kwa mchungaji, akaweka ufunguo mezani na kusema, "Wazee, ufunguo ni huu. Sitabeba tena watoto wa watu na gari hili." Tukiri kwamba wengine wetu tulikasirika. Wiki ile ile kulikuwa na mama wa kupelekwa hospitali, na jamaa yake ilibidi kulipa pikipiki. Hata hivyo shofere ndiye alikuwa na haki.

Sasa tuseme kwanza usukani wa gari kama hili unafanya kazi namna gani, maana mtu asipojua njia ya nguvu hawezi kujua ni wapi inapotea. Volani inazungusha mti wa chuma unaoshuka mpaka kwenye sanduku la usukani. Kutoka sandukuni unatoka mkono mfupi unaosukuma na kuvuta fimbo ya kwanza, nayo inapeleka mwendo mpaka gurudumu la upande mwingine. Kisha fimbo ya pili, iliyo ndefu, inafuata ekseli na kuunganisha magurudumu yote mawili ili yageuke pamoja. Kwenye kila ncha ya fimbo hizo kuna rotili. Mafundi wa upande wa Tanzania wanaiita tairodi, lakini ni kitu kimoja: tufe la chuma ndani ya kikombe, limefunikwa kwa mpira na kujazwa grisi. Kwa hiyo ziko rotili nne. Mpira ukipasuka, vumbi linaingia, linachanganyika na grisi na kuwa kama msasa. Mvua ikija, maji yanamaliza kazi. Kila rotili ikilegea milimeta moja au mbili, volani inakusanya uchovu wa zote nne, na shofere anazungusha mkono kabla gurudumu halijasikia.

Kupima hakuhitaji mashine. Gari likae chini kwa magurudumu yake, injini iwake, breki ya mkono ifungwe na mawe yawekwe nyuma na mbele ya matairi. Mtu mmoja aketi na kutikisa volani kidogo kushoto na kulia, bila kuizungusha sana. Mwingine alale pembeni, mahali ambapo gari haliwezi kumpanda, na kushika kila rotili kwa kiganja. Iliyokufa utaisikia ikigonga mkononi, na utaona fimbo inasogea huku mkono wa gurudumu umesimama. Kwetu tatu kati ya nne zilikuwa zimekufa, na mpira wa ile ya nne ulikuwa umepasuka. Tulibadilisha zote nne. Kuacha moja ya zamani kati ya mpya tatu ni kufanya kazi mara mbili. Kwenye ukingo wa volani, mchezo ukifika sentimita 3 au 4 bila gurudumu kusogea, gari lisitoke tena mpaka sababu ijulikane.

Baadaye tuliinua ekseli. Hapa tunaomba sana: msilale chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake. Wekeni magogo ya mti mgumu chini ya ekseli. Tofali zisitumiwe, kwa sababu hupasuka bila kutoa onyo. Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini na ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni rulema za gurudumu, zile ambazo wengine huita beringi. Mchezo ukibaki, tatizo ni rulema za pivo, pale ambapo gurudumu linageukia. Ukilishika kushoto na kulia na mchezo ukaonekana hapo tu, rudi kwenye rotili. Jaribio hili la breki tulifundishwa na fundi mzee wa Likasi, na lilituokoa tusinunue pyesi ambazo hatukuzihitaji.

Lakini kabla ya yeye tulikuwa tumepoteza muda na fundi mwingine. Huyo hakutazama rotili hata moja. Alikaza parafujo iliyo juu ya sanduku la usukani, mchezo ukapungua palepale, tukafurahi na kumlipa. Kesho yake volani ilikuwa nzito kwenye kona na haikutaka kurudi yenyewe. Sababu ni hii: meno ya sanduku yanaisha zaidi katikati, kwa kuwa gari linakwenda mbele wakati mwingi kuliko linavyogeuka. Ukikaza mpaka katikati iwe sawa, pembeni, ambako meno bado ni mazima, panabanwa. Parafujo ile ina kazi yake, lakini ni ya mwisho, baada ya rotili, na inazungushwa kidogo sana. Mwingine alitushauri tuchomelee rotili ili isicheze. Jamani! Rotili imetengenezwa ili igeuke. Ikishikwa, fimbo itavunjika mahali pengine, na chuma cha usukani kilichochomwa moto hakitoi onyo kabla ya kukatika.

Kununua nako ni kazi. Tulituma kijana Likasi na rotili moja ya zamani mfukoni, maana neno "rotili ya Land Cruiser" halitoshi. Mweleze muuzaji aina ya gari, mwaka wake, na volani iko upande gani, kwa sababu kwetu Katanga magari ya volani ya kuume yaliyotoka Japani yamechanganyika na yale ya kushoto. Kumbuka pia kwamba fimbo moja ina ncha ya uzi wa kawaida na ncha ya uzi wa kinyume. Ukinunua mbili za namna moja utarudi sokoni. Chapa ya 555 ya Japani inajulikana sana kwa pyesi hizi, na kwa sababu hiyo inaigwa sana, kwa hiyo usiamini boksi. Shika pini ya rotili mpya na uisogeze: iwe ngumu lakini iende laini, bila kukwaruza na bila kuanguka yenyewe kwa uzito wake. Mpira uwe laini usio na nyufa. Pini ilingane na ya zamani kwa unene na kwa mteremko wake. Rotili zote nne hazikufika bei ya tairi moja jipya. Hilo liliwashangaza wazee wa baraza, ambao walikuwa wakiogopa gharama tangu mwanzo.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja na nusu. Kabla ya kufungua kitu, pima urefu wa kila fimbo kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya nyingine, na uandike. Sisi tuliandika kwa chaki ukutani, mvua ikafuta usiku, ikawa bahati kwamba kijana mmoja alikuwa amenakili kwenye daftari la kwaya. Hesabu pia mizunguko wakati unapofungua rotili ya zamani, ili mpya iingie kwa idadi hiyo hiyo.

Pini ya rotili imefungwa kwa nati yenye meno kama taji, na kipini kidogo cha waya kinapita katikati. Nyoosha waya huo na uutoe. Legeza nati lakini usiitoe kabisa, iache ishike nyuzi chache ili fimbo isikuangukie usoni. Kisha pigo la nyundo lisiende kwenye pini. Lipige jicho la mkono lililoshika pini, kwa ubavu, pigo kavu, na upande wa pili weka nyundo nzito nyingine ya kupokea. Pini imekaa kama kabari, na mshtuko ndio unaoifungua. Mbili zilitoka kwa pigo la tatu. Ya tatu ilikataa mpaka jioni, tukailowesha mafuta, tukaenda kula bukari, na tuliporudi ilitoka kwa pigo moja.

Pyesi mpya ikiingia, safisha jicho na pini mpaka vikauke. Usipake grisi hapo, kwa kuwa kabari inashika kwa ukavu. Grisi inapakwa kwenye uzi wa fimbo, ili mwenye kuja baada yako asikulaani. Kaza nati kwa nguvu inayoandikwa katika kitabu cha gari. Tundu la waya lisipolingana na meno ya nati, endelea kukaza mpaka jino linalofuata. Usirudishe nyuma hata kidogo. Weka waya mpya, kamwe si msumari uliokunjwa. Sisi tulikuta msumari kwenye rotili mbili, na hatujui ni nani kati yetu aliyeuweka.

Baada ya hapo magurudumu lazima yanyooshwe, la sivyo matairi yataisha kwa upande mmoja. Gari likiwa chini, mahali sawasawa, tia alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, kwa urefu wa ekseli. Pima kutoka alama hadi alama. Sukuma gari mbele mpaka alama zile zile zifike upande wa mbele kwa urefu ule ule, na upime tena. Kwa kuwa umetumia alama zile zile, tairi lililopinda haliwezi kukudanganya. Mbele panatakiwa pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimeta chache tu, na kipimo hasa kinaandikwa katika kitabu. Unarekebisha kwa kuzungusha fimbo ndefu, kwa sababu zile nyuzi mbili za kinyume zinairefusha au kuifupisha. Ikisha kuwa sawa, ndipo unarekebisha fimbo ya kwanza ili volani ikae wima gari likienda mbele. Mwisho kaza vibano vyote. Tulipaka alama ya rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono wake. Alama ikikatika, nati imesogea, na hata mtoto anaweza kuiona.

Siku ya kwanza shofere aliendesha peke yake, bila mzigo, mpaka njia ya Mwadingusha na kurudi. Tulikagua kila nati, tukakagua tena baada ya wiki moja. Kibano kimoja kilikuwa kimelegea.

Kutetemeka kumepungua sana lakini hakukwisha kabisa. Lile jaribio la breki lilionyesha kwamba rulema za pivo upande wa kushoto zimechoka pia, na fundi ametuonyesha jani moja la springi lililovunjika. Fedha za pivo bado zinakusanywa. Kwa sasa baraza limeandika katika daftari la gari kwamba lisipite kilometa 40 kwa saa kwenye udongo, lisibebe watu usiku, na kwamba shofere akisema gari halitoki, halitoki, hata kama anayeomba ni mchungaji. Kutaniko lolote lenye kriki kubwa au kipimo cha kukazia nati la kutuazima, lituarifu kabla mvua hazijazidi. Tutakuja kulichukua sisi wenyewe, kwa pikipiki.