Neno Linunualo Akili kwa Jumla

Watoto wetu wa sekondari warudipo likizo huja na maneno ya Kiingereza yanayotushinda sisi wazazi, na pengine yanawashinda wao wenyewe. Leo tutazame moja: engross. Maana yake ni kushika mawazo yote ya mtu. Lakini neno hili lina asili yake, na asili hiyo yafaa kujulikana hata kwetu Ipole.

Limetoka katika Kifaransa, en gros, yaani kwa jumla. Zamani huko Uingereza, mtu aliyenunua nafaka nyingi sokoni ili aiuze tena kwa bei ya juu, kazi yake iliitwa kwa neno hilo. Sheria ilimkataza, na katazo hilo lilifutwa mwaka 1844. Sisi watu wa Tabora tutaelewa upesi. Misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa kwetu na kutafuta chakula. Fikirini tajiri mmoja angalinunua mtama wote wa Unyanyembe: wapagazi wa kesho yake wangalikula nini?

Ndivyo neno lilivyohamia akilini. Jambo moja hununua mawazo yote, wala hakibaki kibaba kwa mwingine.

Sasa matumizi yake. Sisi husema, “Nilizama katika kitabu.” Kwa hiyo mwanafunzi huandika, “I engrossed in the book.” Hapo amekosa. Aandike, “I was engrossed in the book,” kwa maana kitabu ndicho kilichomshika, si yeye aliyekishika. Tena asilichanganye na concentrate, ambalo ni kuzingatia.

Je, tofauti ni nini? Kuzingatia ni kutoa mawazo yako kwa hiari. Kutekwa ni kuchukuliwa, kama nyara. Anayezingatia husikia akiitwa; aliyetekwa hasikii.

Hili si jambo la darasani tu. Mrina asali akitekwa na masega mazuri, husahau mwenge wake chini ya mti. Majani makavu yakashika, na pori likateketea pamoja na mizinga ya jirani. Msichana akitekwa na simu, uji humwagika, na mdogo wake hutambaa mpaka mafigani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mawazo yote yalikuwa yamekwisha kununuliwa.

Basi, mzazi, ukimwona mtoto amezama, usimkemee mara moja. Tazama kwanza amezama katika nini, na ni nani anayemtegemea saa ile. Ikiwa ni hesabu zake, mwache. Maji atateka mwingine. Ikiwa ni simu, na mtoto mchanga yu karibu na moto, usipige kelele toka uani. Nenda umguse bega, umwite kwa jina lake.