Gari la familia na mfuko wa hewa uliozeeka: mambo ya kukagua kabla ya safari ya Bagamoyo

Magari mengi yanayopeleka watoto shule kati ya Tegeta, Bunju, Mapinga na Bagamoyo yalianza maisha Japani. IST, Vitz, Noah, Raum, Spacio, Alphard: mengine yalitoka kiwandani kabla mtoto anayebebwa kiti cha nyuma hajazaliwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila inatoza kodi ya uchakavu, na wazazi wengi wanailipa kwa sababu gari la zamani ndilo mfuko unaloweza.

Hakuna aibu katika hilo, kwani Toyota ya miaka 15 iliyotunzwa inaweza kuwa salama kuliko gari jipya lenye dereva mwenye haraka. Tatizo ni kwamba baadhi ya magari hayo yaliitwa na watengenezaji wake yarudi kurekebishwa, na barua ya kuyaita ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza huko Nagoya au Osaka. Wewe uliyelinunua hapa baada ya miaka 10 hukuandikiwa na mtu yeyote.

Wito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari unahusu mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, ile ambayo mafundi wetu huiita eabegi. Mfuko huo hujazwa na kopo dogo la chuma lenye kemikali inayolipuka na kutoa gesi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Takata walitumia amonia naitreti, kemikali ambayo pia hutengenezewa mbolea na baruti za migodini. Mkulima yeyote aliyewahi kuacha mfuko wa mbolea wazi anajua kinachofuata: inavuta unyevu. Ndani ya kopo, unyevu na joto vinavyopanda na kushuka kila siku huichakaza kemikali hiyo pole pole. Siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinaruka kuelekea shingo na uso wa aliyeketi mbele.

Wataalamu walioichunguza kasoro hiyo Marekani walitaja vitu vitatu: umri, unyevu na mabadiliko ya joto. Ndiyo maana mamlaka ya usalama barabarani ya huko iliyapa kipaumbele magari ya majimbo yenye joto na unyevu, kama Florida na Hawaii, ingawa yalikuwa ya miaka ileile na yale ya majimbo ya baridi. Mwaka 2024 Citroën nao, walipowataka wenye C3 na DS3 Ufaransa wasiyaendeshe kabisa mpaka yarekebishwe, walianzia kusini kwenye jua kali. Sasa fikiria gari linaloegeshwa kutwa juani Bagamoyo, mita chache kutoka baharini, mwaka hadi mwaka. Hali ya hewa ambayo wenzetu wanaihesabu kuwa ya hatari ndiyo ya kwetu kila siku.

Marekani peke yake watu wasiopungua 28 wamekufa kwa kasoro hiyo. Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu, nayo imepoteza watu, akiwamo mama mjamzito mwaka 2014 aliyekuwa kwenye Honda City. Januari 2017 Takata walikubali kukiri kosa na kulipa dola bilioni 1, na Juni mwaka huohuo wakafilisika. Makopo yaliyohusika duniani yanakadiriwa kufikia milioni 100. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi na hata BMW wote waliitisha magari. Mei 2015 Toyota peke yao waliita takriban magari milioni 5 duniani kwa mkupuo mmoja, zikiwamo Corolla na Vitz.

Japani yenyewe ilichukua hatua kali. Kuanzia Mei 2018, gari lenye mfuko wa Takata ulio katika kundi la hatari na ambao haujabadilishwa halipiti ukaguzi wa serikali, hivyo haliruhusiwi barabarani. Gari lililopakiwa melini kabla ya hapo halikupita kwenye chujio hilo.

Namba ya chasisi ndiyo ufunguo

Habari njema ni kwamba kujua hali ya gari lako hakuhitaji fundi wala fedha. Chukua kadi ya gari uangalie namba ya chasisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu za gari lenyewe. IST nyingi za mwanzo, kwa mfano, huanza na NCP60 au NCP61. Hakikisha namba ya kwenye kadi inafanana na ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari. Isipofanana, una tatizo jingine kubwa zaidi.

Namba hiyo ingiza kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, au ya Honda au Nissan kulingana na gari, sehemu ya kutafuta magari yaliyoitwa. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu yako inaweza kuutafsiri. Wengi hukimbilia tovuti ya Marekani, wanaambiwa namba si sahihi, wanakata tamaa. Ile ya Marekani inataka namba yenye herufi na tarakimu 17, ambazo gari la soko la Japani halina. Hilo halina maana kwamba gari lako ni zima.

Ukikuta gari limeitwa na halijarekebishwa, piga simu kwa wakala rasmi wa aina hiyo ya gari Dar es Salaam, mpe namba ya chasisi, uliza wanaweza kukufanyia nini na kwa gharama gani. Omba jibu kwa maandishi. Usimpe fundi wa chini ya mwembe aufungue mfuko huo, hata awe hodari namna gani kwa injini. Kile ni kilipuzi. Na usikubali mfuko uliotolewa kwenye gari lililovunjwa, kwa kuwa unaweza kuwa na kopo lilelile, limezeeka vilevile.

Wakati unasubiri, kiti cha mbele cha abiria kibaki wazi kila inapowezekana. Dereva asogeze kiti nyuma, kifua kiwe walau sentimeta 25 kutoka kwenye usukani, na mkanda ufungwe. Watoto wote wakae nyuma. Hata kama mfuko wa hewa ni mzima kabisa, haukutengenezwa kwa ajili ya mtoto. Mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele hukaa kati ya mfuko huo na mwili wa mtu mzima. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Pwani yetu kumpakata mtoto mbele ni mazoea, na bibi hukasirika akiambiwa apande nyuma na mjukuu. Bora akasirike.

Ipo pia ile taa nyekundu ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Ukiwasha ufunguo, inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na huenda mfuko usifunguke. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeizima. "Mama, hiyo taa isikusumbue, nikutolee?" ni maneno yanayosikika gereji nyingi, na yanasemwa kwa nia njema. Yakatae. Taa iliyotolewa haikurekebisha chochote, na ukilinunua gari la mtu aliyekubali kutolewa, wewe ndiye uliyefichwa.

Swichi ya dirisha na mafuta ya kupuliza

Oktoba 2012 Toyota waliita magari milioni 7.43 duniani, Vitz, Corolla na RAV4 zikiwamo, kwa kitu kinachoonekana kidogo: swichi kubwa ya madirisha ya umeme upande wa dereva. Grisi ilipakwa bila kulingana, swichi ikawa inakwama. Kinachotufaa hapa ni onyo walilotoa. Mtu akipulizia mafuta ya dukani ili swichi ilainike, inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Kupuliza mafuta ndilo jambo la kwanza tunalofanya sisi wote. Swichi ikikwama au ikitoa harufu ya plastiki kuungua, ibadilishwe.

Halafu kuna chumvi, ambayo hakuna kiwanda kitakachokuitia gari kwa ajili yake. Upepo wa bahari huibeba hadi ndani ya gereji yako, na wanaokwenda soko la samaki Bagamoyo huiongeza wenyewe: ndoo ya samaki na barafu kwenye buti, maji yanavuja chini ya zulia, yanakaa. Inua zulia la buti uone. Kutu ya pale inaonekana na haiui haraka. Inayoua ni ya mabomba ya breki yanayopita chini ya gari. Mabomba yale ni ya chuma chembamba, na bomba lililoliwa na kutu hupasuka siku unapokanyaga breki kwa nguvu zote, yaani siku unapoihitaji. Gari la pwani lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kila linapoinuliwa kubadilishwa oili, mwambie fundi apitishe kitambaa na tochi juu ya mabomba hayo kutoka mbele hadi nyuma. Oili ya breki nayo huvuta unyevu. Ibadilishwe kila baada ya miaka 2, isiwe ya kuongezwa tu.

Matairi ya mtumba yana tarehe yake ubavuni, tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2314, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama meno yake yanapendeza. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata imenyooka na inashawishi mwendo, na tairi kavu lililopasuka kwenye kasi hiyo halimpi dereva nafasi.

Wenye Alphard na Kluger za injini ya 2.4, ile ya 2AZ, waangalie maji ya rejeta kila wiki. Injini hizo za miaka ya mwanzo ya 2000 zinajulikana kwa nyuzi za bolti za silinda hedi kulegea, maji yakavuja na injini kuchemka.

Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo ni jambo jema, lakini askari hukagua taa, breki na matairi, siyo kopo lililo ndani ya usukani. Kwa anayepanga kununua, namba ya chasisi iombwe kwa muuzaji kabla ya kwenda kuliona gari. Utafutaji huchukua dakika 5, na muuzaji anayekataa kutoa namba hiyo atakuwa amekuokolea nauli.