Mdondo Unamaliza Kuku Wetu. Tufanye Nini?

Karibu kila nyumba kijijini ina kuku. Mmoja ana matetea watatu, mwingine ana kumi na jogoo wao. Asubuhi tunawafungulia, wanachakura uani. Jioni wanarudi wenyewe. Mgeni akija, tunachinja. Mtoto akitaka daftari, tunauza mayai. Mtu akizidiwa na homa usiku, kuku wawili ndio nauli ya kwenda hospitali.

Lakini kuku hawa mbona hawaongezeki? Hebu tupige hesabu. Tetea wa kienyeji hutaga mayai kama 12, halafu anaatamia. Baada ya siku 21 vifaranga wanatoka. Tuseme wametoka 9. Kwa mwaka anaweza kutotoa mara 3. Basi tetea mmoja angetupa vifaranga 27. Matetea 4 wangetupa 108. Nani kati yetu ana kuku 108? Wamekwenda wapi?

Wengine wamechukuliwa na mwewe na kicheche. Wengine wamekufa kwa baridi wangali wadogo. Lakini yuko adui mmoja ambaye hachukui mmoja mmoja. Yeye anafagia ua mzima. Huyo ni mdondo. Sehemu nyingine wanauita kideri.

Mdondo unaletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java, huko Indonesia, na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Ndiyo maana kwenye chupa ya chanjo mtakuta limeandikwa jina Newcastle. Msishangae. Ni mdondo wetu huu huu.

Kuku mwenye mdondo anazubaa. Anasimama peke yake, mabawa yameshuka. Hali. Anahema kwa shida, mdomo wazi. Anaharisha kinyesi cha kijani. Wengine wanapinda shingo au wanapooza miguu. Na wengine hatuoni dalili yoyote, tunawakuta wamekufa tu bandani.

Watu wengi husema mdondo unaletwa na upepo wa kiangazi. Si ajabu kufikiri hivyo, maana mara nyingi unakuja wakati wa vumbi. Lakini tuangalie vizuri. Mara nyingi tunauleta sisi wenyewe, kwa mikono na miguu yetu. Virusi vinakaa katika mate na kinyesi cha kuku mgonjwa. Mtu anaona kuku wake anazubaa, anasema, "Nimuuze kabla hajafa." Anampeleka gulioni. Mwenzake anamnunua kwa bei rahisi, anafurahi, anamfungulia uani pamoja na wale wake. Basi, kazi imekwisha! Hata kuku anayeonekana mzima si wa kuaminiwa mara moja. Virusi vikishamwingia, dalili huchukua siku 2 hadi 15 kuonekana. Tena matenga, viatu, na utumbo wa kuku uliotupwa nyuma ya jiko, vyote vinaeneza.

Je, dawa yake ni nini? Tunasaga pilipili, tunaloweka mwarobaini, tunakamua shubiri. Wengine wanavunja hata vidonge vya watu wanatia kwenye maji ya kuku. Tuseme wazi: kuku akishaugua mdondo, hakuna dawa ya kumtibu. Wawili watatu wanapona wenyewe, nasi tunaisifu pilipili. Wale ishirini waliokufa hatuwahesabu.

Kinga ipo, nayo ni chanjo. Zamani chanjo ya mdondo ilikuwa taabu kufika vijijini, kwa sababu ilitaka baridi njia nzima. Baadaye wataalamu wa Australia walitengeneza chanjo iitwayo I-2, inayovumilia joto kuliko zile za zamani. Siku hizi inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Lakini kuvumilia joto si kuanikwa juani. Kutoka dukani, ifungeni kwa kitambaa kibichi. Nyumbani iwekeni kivulini, karibu na mtungi wa maji. Ikishafunguliwa itumieni kama bwana mifugo alivyoeleza, msiibakize kwa mwezi ujao.

Kuchanja si kazi ngumu. Wakamateni kuku alfajiri kabla ya kuwafungulia. Mmoja anamshika kuku, anamlaza ubavu. Mwingine anadondosha tone 1 katika jicho 1. Ngojeni apepese jicho, ndipo mumwachie. Jogoo mkubwa tone moja, kifaranga naye tone moja. Msimruke hata mmoja. Baada ya miezi 3 rudieni, maana nguvu ya chanjo inapungua, na vifaranga wapya wamezaliwa.

Watu wengine wanalalamika, "Nilichanja, na kuku wakafa!" Mara nyingi walichanja wakati mdondo umeshaingia kijijini. Chanjo haimponyi aliyekwisha ugua, na mwili wa kuku unahitaji kama wiki 2 kujenga kinga. Kwa hiyo chanjeni mapema, kuku wakiwa wazima. Tena chanjo hii ni ya mdondo tu. Ndui ya kuku, ile ya vidonda kwenye upanga na machoni, ina chanjo yake.

Chupa moja ni ya kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Lakini majirani wakichanga, kila nyumba inatoa kidogo tu, na kuku wote wanachanjwa siku moja. Jirani akisema, "Mimi kuku wangu watatu tu, niacheni," mwelezeni kwa upole: "Ndugu yetu, kuku wako watatu wanachakura kwenye ua wetu pia."

Mdondo ukiingia kabla hamjachanja, msiuze kuku wala kumpelekea shemeji zawadi. Waliokufa wachomeni au wafukieni shimo refu, mbwa wasifukue. Safisheni banda, kisha kaeni angalau mwezi mmoja bila kununua wengine.

Wakishakingwa na mdondo, vifaranga nao watunzwe, maana mwewe hajui chanjo. Wiki 4 za kwanza wafunikeni kwenye tenga pamoja na mama yao, wapeni chenga, mchwa na maji safi. Usiku walale ndani ya banda lililoinuliwa, kicheche asipate pa kuingilia.

Na lile daftari la kisomo lisilale sanduku. Andikeni siku ya chanjo. Kama mmechanja tarehe 5 Januari, andikeni chini yake 5 Aprili, 5 Julai na 5 Oktoba. Kila tarehe ikifika, kabla ya kuwafungulia, hesabuni na kuandika: matetea wangapi, majogoo wangapi, vifaranga wangapi.