Jinja, Mji wa Mto Unaoheshimiwa

Mabasi yatokayo Nairobi kwenda Kampala huchukua abiria wengi, na miongoni mwao hawakosi watu wa Soweto West huko Kibera, na wa Kawangware, waendao kufanya biashara au kuwatazama jamaa zao. Yapata kilometa 80 kabla ya Kampala, basi huvuka Mto Naili penye mji wa Jinja. Wengi hupita hapo wamelala, wala hawajui kwamba watu wengine hutoka mbali ili wapazuru kwa heshima. Yafaa tueleze sababu.

Jinja ni mji wa Busoga, na jina lake lina maana ya mawe. Hapo maji ya Ziwa Victoria hutoka ziwani, yakaanza safari ndefu ya kwenda Misri. Mwingereza John Speke alifika tarehe 28 Julai 1862, akayaita maporomoko ya hapo Ripon. Lakini wenyeji walikuwa wakiyajua zamani.

Wahindu nao wanapaheshimu. Kwa desturi ya dini yao, majivu ya maiti hutiwa mtoni, hasa katika mto wa Ganges upitao mji mtakatifu wa Benares. Mahatma Gandhi alipouawa mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948, majivu yake yaligawanywa, na sehemu ikamiminwa katika Naili hapo Jinja mwaka huo huo. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, Bwana I. K. Gujral, alizindua sanamu ya Gandhi kando ya mto.

Mgeni asitafute maporomoko ya Ripon. Bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maji yakayafunika. Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga huyaamini kuwa makao ya roho Budhagaali, nayo yalizama bwawa la pili lilipojengwa na kumalizika mwaka 2012. Matambiko ya kuihamisha mizimu yalifanywa, lakini wenyewe hawakuafikiana kama imekubali kuhama. Umeme una faida kubwa, na hapana apendaye kukaa gizani. Hata hivyo aliyepotewa na mahali pake pa kuombea hawezi kulipwa kwa taa.

Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa aweza kuvuka mpaka Busia au Malaba. Akifika Jinja, apatane nauli na mwenye mashua kabla ya kupanda, wala asipige picha za bwawa, daraja au watu wanaoomba bila kupewa ruhusa. Mahali patakatifu pa mwenzio ni kama nyumba yake: mgeni mwema hupiga hodi kwanza.