Si uchovu wa safari, ni saa zilizopishana

Mkenya akitua ugenini kisha akakodoa macho hadi usiku wa manane, jamaa zake husema ana "uchovu wa safari". Jina hilo tumelizoea na hata watafsiri hulitumia. Mimi siliafiki, na sababu yangu si ya kisarufi. Jina hilo humpa msafiri dawa isiyo yake.

Tuanze na uchovu wenyewe. Ukipanda ndege kutoka Nairobi hadi Cape Town, utakaa angani zaidi ya saa tano. Utashuka magoti yamekakamaa, lakini ukilala usiku mmoja umepona, maana saa za miji hiyo miwili zinatofautiana kwa saa moja tu. Kilichokuumiza ni kiti. Tokyo ni mambo mengine. Iko mbele ya Nairobi kwa saa sita, na hata ukilala fofofo njia nzima, saa hizo sita utazikuta zikikungoja. Kiingereza nacho kinaisingizia ndege ya jeti, kwa jina lililoibuka miaka ya 1960.

Miaka michache iliyopita nilialikwa Tokyo mwezi Juni kuwasilisha makala. Nilipangiwa kuzungumza saa tatu asubuhi, siku moja tu baada ya kutua. Hebu piga hesabu: saa tatu asubuhi ya Tokyo ni saa tisa usiku kwetu. Huo ndio wakati joto la mwili hushuka na akili ikawa nzito kama mawe. Usiku wa kwanza, saa nne, mwili wangu ulikuwa bado saa kumi jioni, unadai chai! Nikashuka hadi kituo cha Shinjuku, ambako hupita mamilioni ya abiria kwa siku. Watu wa suti walikuwa wakikimbilia magari-moshi ya kurudi nyumbani, taa za matangazo zikiwaka pande zote, nami nimesimama katikati yao macho makavu kama bundi.

Mke wangu alinipigia simu. "Mzee, kesho ukimaliza lala tu mchana kutwa, safari imekuchosha." Ushauri wa mapenzi, na ndio hasa unaotokana na neno uchovu. Ila anayelala mchana kutwa Tokyo anaendelea kuishi Nairobi.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna fungu dogo la seli linalotunza saa ya mwili. Mwaka 2017, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufumbua, kupitia nzi wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa kama hiyo. Kwa binadamu, kinachoirekebisha zaidi ni mwanga. Kwa anayekwenda mashariki, husogea kwa takriban saa moja kwa siku.

Sasa sikiliza hapa penye utamu. Mwanga una mwelekeo. Ukikupata kabla ya joto la mwili kufika chini kabisa, huisukuma saa yako nyuma. Ukikupata baadaye, huivuta mbele. Jua la Juni huchomoza Tokyo mnamo saa kumi na dakika 25 alfajiri. Kwa mwili uliotoka Nairobi, hiyo ni saa nne na dakika 25 usiku! Jua hilo zuri linakupeleka kinyume. Basi nilifunga mapazia, na asubuhi nikaenda ukumbini nimevaa miwani myeusi. Wenzangu walidhani profesa amegeuka mwanamuziki. Makala niliisoma neno kwa neno, bila kuthubutu kuinua macho, kisha tangu saa nne nikatembea juani hadi adhuhuri. Siku ya tano nililala saa tano usiku kama wenyeji.

Waswahili tunaihesabu saa kwa jua: saa moja ni ya kwanza tangu kupambazuke. Mpango huo unafaa karibu na ikweta, kwa kuwa Nairobi mawio hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima. Tokyo, Juni jua limetoka saa kumi na kitu, Desemba karibu saa moja kasorobo. Lugha yenye saa ya namna hii haina haja ya kulaumu kiti wala ndege. Napendekeza tuseme msafiri *amepishana saa* na mji, kama wawili wanaopishana mlangoni, huyu anaingia yule anatoka. Nomino yake iwe *mpishano wa saa*.

Mwenzangu mmoja idarani amepinga. Anasema kupishana saa ni kukosana kwenye miadi, na wasomaji watachanganyikiwa. Nimemjibu kwamba ndivyo hasa ilivyo: usingizi na usiku wamekosana kwenye miadi. Bado hajaridhika, na anataka "mkengeuko wa saa". Neno hilo naliona zito mdomoni, hasa kwa mtu aliyeamka saa tisa usiku.