Maumivu ya Mgongo: Yapi ya Kutunza Nyumbani, Yapi ya Kukimbiza Hospitali

Anayechota maji, kulima kwa jembe au kuendesha bodaboda kutwa nzima anayajua maumivu ya mgongo. Mara nyingi chanzo chake ni misuli au kano zilizovutika kupita kiasi, na kwa kawaida hupungua baada ya wiki chache.

Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Tembea kidogo kidogo, endelea na kazi nyepesi, na ukande panapouma kwa kitambaa chenye maji moto. Dawa za maumivu husaidia, lakini mjamzito, au mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, amuulize mhudumu wa afya kwanza.

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa takriban kilo 20. Ni afadhali kubeba miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Unapoinua mzigo, kunja magoti na uushike karibu na mwili.

Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukishindwa kuzuia haja au kukojoa, ukifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikiishiwa nguvu. Kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Maumivu yasiyokwisha, yakiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, huenda yakawa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huu hutibika, na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za umma.