KABLA YA KUNUNUA BETRI NYINGINE: MFUMO WA KUCHAJI WA TREKTA LA CHAMA



Mkaguzi anapofungua daftari la fedha la chama chenye trekta, mara nyingi huijua hali ya trekta hilo kabla hajaliona. Akikuta hati za malipo ya betri mbili katika msimu mmoja, hana haja ya kuuliza mengi. Betri njema inayotunzwa hudumu miaka kadhaa. Inapokufa baada ya miezi michache, yafaa kwanza kuutazama mfumo unaoichaji, kwa maana betri ya tatu nayo itakufa vivyo hivyo, na fedha zitakazopotea ni za wanachama.

Hasara haiishii katika bei ya betri. Mwanachama wa Nyarero, au wa kijiji kingine chochote cha vilima vya Tarime, aliyelipa ada ya kulimiwa shamba lake hawezi kuiambia mvua imngojee. Siku tatu za trekta kulala zaweza kumfanya arudi kwa jirani mwenye jembe la ng'ombe, akiwa amelipa mara mbili. Somo hili si geni katika Kanda ya Ziwa. Katikati ya miaka ya 1960, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lenye makao yake Mwanza wakati huo, lilinunua matrekta ya kulimia mashamba ya pamoja ya pamba Usukumani. Mpango ule haukuweza kujilipia gharama zake, na matengenezo hafifu ya mitambo yalikuwa miongoni mwa sababu.

Jinsi umeme unavyozunguka

Injini huzungusha mkanda wa feni. Mkanda huzungusha dainamo au alteneta. Nayo hutoa umeme unaorudi kuijaza betri. Kati yao kuna kidhibiti, ambacho mafundi hukiita katauti, kinachozuia umeme usizidi. Matrekta ya zamani, kama Massey Ferguson 135 yaliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, mengi yalitoka kiwandani na dainamo. Yaliyofuata yakawa na alteneta. Ni lazima fundi ajue kwanza ni ipi iliyopo, kwa sababu vipimo vyake havifanani.

Kasoro hii hujificha kwa sababu injini ya dizeli ya aina hiyo ya zamani, ikishawaka, haihitaji umeme ili iendelee kufanya kazi. Dereva hulima kutwa nzima bila kuona tatizo, kumbe kila anapowasha anakula akiba ya betri. Siku akiba ikiisha, huanza kuliegesha trekta mlimani ili asubuhi aliteremshe liwake kwa kusukumwa. Katibu akiona trekta linalazwa mtelemkoni kila jioni, asidhani ni ustadi wa dereva. Hiyo ni taarifa ya ubovu.

Uchunguzi usio na gharama

Kabla ya kuanza, weka gia huru, funga breki, na usivae nguo zinazoning'inia karibu na mkanda. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu na betri, maana hewa inayotoka ndani yake hulipuka. Unapofungua nyaya, tangulia kufungua ule uendao kwenye bodi. Unapofunga, uwe wa mwisho.

(1) Taa nyekundu ya dashibodi. Ufunguo ukiwashwa injini ikiwa imezimwa, taa iwake. Injini ikinguruma, izimike. Isipowaka kabisa, badili balbu kwanza. Katika matrekta mengi yenye alteneta, umeme mdogo wa kuiamsha alteneta hupitia balbu hiyo. Kwa hiyo balbu ndogo iliyoungua yaweza kuzuia uchajishaji wote.

(2) Mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Ushuke kiasi cha sentimita moja na nusu hadi mbili. Ukilegea zaidi, huteleza. Ukikaza mno, huharibu beringi.

(3) Vichwa vya betri. Ukungu mweupe au wa kijani huzuia umeme. Usafishe kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kisha kaza na upake grisi kidogo. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, kamwe si ya mto wala kisima.

(4) Waya wa bodi. Chama kimoja kilinunua betri mbili mfululizo, na ubovu ukaonekana chini ya bolti ya waya huu: trekta lilipakwa rangi mpya, nayo rangi ikawa kizuizi kati ya waya na chuma. Kipande cha msasa kilimaliza kazi.

(5) Kipimo cha volti. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Washa injini, iende mwendo wa kati. Kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kisipopanda, haichaji. Kikizidi 15, kidhibiti kimeharibika. Betri itachemka, maji yatakauka na balbu zitaungua.

Kazi ya fundi

Ikiwa ni dainamo, fundi afungue nyaya zake mbili, aziunganishe ncha D na F kwa kipande cha waya, apime kati ya ncha hizo na bodi, na injini iende polepole. Volti zipande haraka na kwa utulivu. Asiziache zipite 20. Zikipanda, dainamo ni nzima, na ubovu umo katika nyaya au kidhibiti. Zisipopanda, atazame kaboni zilizokwisha na shaba chafu inayosuguana nazo.

Tena, matrekta mengi ya Kiingereza ya zamani yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha kawaida ya sasa. Fundi ahakikishe kabla ya kufunga betri.

Ikiwa ni alteneta, kipimo hicho cha kuunganisha ncha ni marufuku. Aidha, betri isifunguliwe injini ikiwa inanguruma, ncha zisigeuzwe, na nyaya za betri zifunguliwe kabla ya kuchomelea chuma chochote kwenye trekta. Kosa la dakika moja huunguza vipande vya ndani vinavyobadili umeme, na matengenezo yake hugharimu kuliko kazi yote iliyotajwa hapo juu.

Wajibu wa Katibu

Nashauri kila chama chenye trekta kiwe na daftari lake, na kila Jumatatu dereva aandike volti mbili: kabla ya kuwasha na baada ya kuwasha. Mita ya kupimia ni ya bei ndogo kuliko betri. Pili, Katibu asiandike hati ya malipo ya betri mpya bila maandishi ya fundi yanayoonyesha vipimo hivyo, na Kamati iyaone kabla ya kuidhinisha. Tatu, betri kuukuu irudishwe na kuandikwa katika orodha ya mali, isiachwe kupotea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi hii ifanyike wakati wa kiangazi, trekta likiwa limepumzika na fundi hana haraka. Mvua ikishaanza, kila saa ya trekta ni ya mwanachama aliyekwisha kulipa.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika